Nipigie Mvua Ikinyesha Kwenu

Kwa miaka 23 nimekuwa nikiuchora Mto Tana ubaoni kwa chaki ya buluu, na kila mwaka nafika baharini kabla ya dakika mbili kwisha. Naanzia Nyandarua na Mlima Kenya, nateremka, naweka vijistari vitano vya mabwawa: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kisha naupinda mkono Garissa, nashuka Hola, nashuka Garsen, na mwisho natandaza vidole vitatu vya chaki ambavyo naviandikia delta. Wanafunzi wananakili. Kengele inalia. Kilomita kama 1,000 zimekwisha, wiki ijayo tunaingia Nile.

Mwisho wenyewe wa mto sikuwa nimeuona. Mimi ni mtu wa Siakago, huku Mbeere, ambako ukisimama uwanjani asubuhi mlima wa Kiang'ombe uko upande mmoja, na upande wa pili nchi inateremka, kavu, miiba na mawe, hadi kule bondeni uliko mto. Kwetu tunauita Thagana. Cucu, nyanya yetu, alikuwa akitutisha nao tukiwa wadogo: mbuzi akishafika Thagana hatafutwi, ni wa mamba. Tulipokua kidogo ukawa mto wa stima. Kiambere ilianza kuzalisha umeme 1988, nikiwa darasa la tano, na wavulana wakubwa waliokwenda kuona ukuta ule walirudi na hadithi zisizoisha. Nyumbani kwetu waya ulifika 2015. Nasema hivyo bila kinyongo. Kinyongo chenyewe kilishachoka.

Kwa vyovyote, vichwani mwetu mto uliishia bwawani. Yaliyokuwa chini ya ukuta yalikuwa mambo ya ubaoni.

Kilichonitoa ubaoni ni redio ya ofisi ya walimu. Ilikuwa Aprili 2024, ile mvua iliyokuwa ikinyesha kama imetumwa. Saa saba mchana mtangazaji akasema mabwawa yamejaa, maji yameanza kumwagika, wakazi wa chini ya mto wahamie nyanda za juu. Mimi na wenzangu tukashangilia. Kweli, tulipiga makofi. Kwetu bwawa kujaa ni habari njema: stima haitakatika, samaki watapatikana, mwaka huu hakuna mgao. Mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana Mpokomo aliyeletwa kwetu mwaka uliotangulia, aliweka kikombe cha chai chini akatoka na simu sikioni. Nilimwona dirishani akizunguka mti wa muarubaini, akirudia neno moja: “Tokeni. Tokeni, mama. Tokeni.”

Aliporudi hakutulaumu. Akamalizia chai yake, ilikuwa imepoa. Lakini mimi nilikuwa nimeyasikia makofi yangu.

Shule zilipofungwa Agosti akaniambia, “Mwalimu, twende ukauone mto unakoishia. Babu yangu yuko Ozi. Kipini ni hapo hapo.”

*

Kutoka Siakago hadi Kipini unaweza kupitia Nairobi na Mombasa, ukaufuata ustaarabu. Mwenzangu alikataa. Alitaka tushuke na mto. Basi tukapitia Kiritiri, tukavuka Kamburu, tukatokea Kangonde kwenye barabara ya Garissa, tukasimama pale na mabegi yetu tukinunua maembe makavu tusiyoyahitaji hadi basi lilipotokea.

Safari ile siwezi kuieleza kwa utamu, maana kuanzia Mwingi nililala. Niliamshwa Madogo, ng'ambo ya Garissa. Mwenzangu alinionyesha kuta za maduka: mstari wa tope la kahawia, ulionyooka kama umepigwa rula, kiunoni mwa mtu mzima. Mwezi wa Aprili na wa Mei barabara hii ilikuwa chini ya maji na watu walivushwa kwa mashua. Pale ndipo niliposikia tumbo likinivuta kidogo. Mstari ule ulikuwa upande wa pili wa makofi yetu.

Hola tulipita jua likizama. Huku juu, jina la Hola wazee wetu hawalitaji kwa sauti kubwa. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa pale, kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani Hola iko nchi nyingine. Kumbe ilikuwa kwenye ukingo wa mto wetu wenyewe. Maji waliyokunywa wale wafungwa yalikuwa yametoka kwao.

Tukalala Garsen.

*

Siku ya pili tulipanda gari la Lamu hadi Witu, tukaacha lami, tukashika njia ya mchanga kuelekea baharini. Witu ukiipita leo utaona maduka, msikiti, minazi na miembe, na bodaboda wanaogombea abiria. Hutadhani kwamba mji huu uliwahi kuwa na Sultani wake, Ahmed, waliyemwita Simba, aliyekimbia nguvu za Zanzibar akajijengea dola msituni. Wala kwamba mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliandikiana naye mkataba, na Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Miaka mitano tu. 1890 Berlin na London walikaa mezani wakabadilishana nchi za watu, Witu ikaangukia Waingereza. Mwaka huo huo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na manowari za Uingereza zikashusha askari pwani, wakaja wakauchoma mji.

Hao Denhardt walikuwa wamekwisha kuupanda Tana mwaka 1878. Kila aliyefika pwani hii siku zile alikuwa na ndoto moja: kwamba mto huu ni njia kuu, kwamba ukiingia nao Kipini utafika hadi Mlima Kenya umekaa kitini. Mwaka 1891 Mwingereza Dundas akaja na meli ya mvuke, yenye gurudumu la kupiga maji nyuma, aliyoipa jina la mlima wenyewe, Kenia. Aliisukuma hadi Hameye, juu ya Garissa ya leo, na hapo mto ukamwambia basi. Mawe na maporomoko. Mlima aliuendea kwa miguu.

Nilipokuwa nikimsimulia mwenzangu habari hizi garini, abiria mmoja mwenye kofia ya vitobo aligeuka akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Siakago. Uso ukambadilika, akatabasamu nusu. “Aa! Kwa muguka!”

Ndivyo tunavyojulikana Pwani. Mwezi wa Mei 2024 Mombasa na Kilifi walikuwa wameupiga muguka marufuku, mahakama ya Embu ikasimamisha amri ile, na nchi nzima ikatufahamu kwa majani hayo ya kutafuna. Nimepanda mistari kadhaa mwenyewe, siwezi kujitia usafi. Nilicheka pamoja na gari zima, lakini nilijiuliza: katika vyote tunavyowapelekea watu hawa, ni kimoja tu wanachojua kimetoka kwetu.

*

Kipini ni mji mdogo. Natumia neno mji kwa heshima ya ulivyokuwa. Barabara ni mchanga, miguu inazama. Msikiti, duka, duka, mgahawa wa chai na mahamri, kisha minazi, kisha bahari inatokea ghafla. Enzi za ukoloni hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya wilaya nzima ya Mto Tana, kabla hayajahamishiwa juu. Nyumba ya serikali ya wakati huo imebaki kuta, na bahari inaendelea kuila polepole. Mbuzi wawili walikuwa wamelala ndani, katika kivuli cha sheria na utaratibu.

Nilitafuta bandari. Nilikuwa nimejitengenezea picha: gati, ghala, minyororo. Mwenzangu akanionyesha kwa kidevu. “Ndiyo hii.” Ukingo wa matope, mashua nne, mbili zimelala ubavu zikisubiri maji yajae, wavulana wakikwangua kwa visu vya ubapa uchafu ulioganda chini ya mkuku, na mzee mmoja aliyekuwa akipachika uzi wa pamba katika maungio ya mbao, anagonga taratibu, anapaka mafuta yenye harufu kali, anagonga tena. Kalafati. Nilisimama pale nusu saa nzima. Bandari ni watu wanaojua kuziba maji yasiingie, basi. Mengine yote ni majengo. Hapa zilipita boriti za mikoko, mpunga, pembe. Sasa hupita samaki kwenye visanduku vya barafu na abiria wa Ozi.

Na maji yenyewe! Nilitegemea buluu ya kadi za posta. Bahari ya Kipini ni kahawia. Ulimi mpana wa tope unatoka mlangoni mwa mto na kuingia ndani, ndani, hadi macho yanachoka. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, mawimbi yakivunjika juu ya fungu la mchanga pale mto na bahari vinapokutana, na hakuna mashua iliyokuwa na hamu ya kutoka nje. Niliinama nikachota maji kwenye kiganja. Yalipochujika kati ya vidole ukabaki udongo laini, mwekundu kiasi. Udongo ule niliujua. Ni ule ule unaoganda kwenye viatu vya wanafunzi wangu mwezi wa Novemba.

*

Ozi iko juu kidogo ya Kipini, unaingia nayo mtoni. Tulichukua mtumbwi wa mashine, mikoko pande zote mbili, halafu mikoko ikapungua, migomba na miembe ikaanza. Nahodha alizima mashine mara mbili kwa ajili ya viboko. Hakuna aliyesema neno, hata mtoto aliyekuwa mapajani mwa mama yake.

Babu yake mwenzangu tulimkuta chini ya mwembe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa huko mto unakotoka?”

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Akanikagua kama mtu aletewaye barua na mwenye kuiandika.

Jioni ile nilijaribu kumwonyesha ninachokijua. Nikachora delta yangu mchangani kwa kijiti, vidole vyangu vitatu. Akatazama, akachukua kijiti, akafuta kwa kisigino. “Mto haukuwa hapa,” akasema. Na akanisimulia habari ya Belezoni, ambayo katika miaka 23 sikuwahi kuifundisha kwa sababu sikuwahi kuisikia.

Zamani Tana ilimwaga maji baharini mbali na hapa, huko kusini-magharibi. Uliopita Kipini ulikuwa mto mwingine, mdogo, Mto Ozi. Karne ya 19 watu wa Sultani wa Witu walichimba mfereji kuiunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi yenye mzigo ipite ndani kwa ndani bila ya kutoka bahari kuu. Mfereji tu wa kupitisha mitumbwi. Mafuriko yalipokuja, mto mkubwa ukaona njia fupi, ukaipanua, ukaifanya yake, na kinywa cha zamani kikabaki kulamba chumvi. Mto mrefu kuliko yote Kenya unaishia Kipini kwa sababu watu walitaka kuokoa siku moja ya safari.

“Kwa hiyo mto hufuata mkono wa mtu,” nikasema, nikijiona nimepata la kuandika ubaoni.

“Hufuata njia,” akanirekebisha. “Mkono ukiifungua.”

Asubuhi iliyofuata ilikuwa bamvua. Akanipeleka shambani. Mafuriko ya Aprili yalikuwa yamewachelewesha kupanda, mpunga ndio kwanza ulikuwa umeanza kuchanua. Hapa hakuna pampu wala bomba. Bahari ndiyo pampu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ya bahari hujaa kwa nguvu, yakaingia mtoni na kuyainua maji baridi ya mto mbele yake na juu yake. Mto unasimama, halafu unarudi nyuma, unapanda ukingo, na mkulima aliyekwisha kuchimba mfereji wake mapema hufungua tuta kwa jembe. Maji yanaingia kwenye majaruba yenyewe, bila ya kelele. Bahari ikipwa, anafunga. Wapokomo wa Ozi wamelima hivi tangu mababu.

Lakini nilichokiona mimi kwa karibu kilikuwa kidogo kuliko hivyo. Maji yalipofika mdomoni mwa mfereji, mzee hakufungua. Aliegemeza jembe, akachuchumaa kwa shida, akachovya kidole cha shahada majini, akakitia kinywani. Akakaa. Akatazama upande mwingine kabisa, kama mtu anayesikiliza. Akachovya tena, akaonja tena. Kisha akaniambia, “Onja.”

Nikaonja. Kwangu yalikuwa maji tu.

“Yana chumvi?”

“Sijui, mzee.”

“Yana. Kidogo. Ngoja.”

Tulingoja. Alionja mara tano. Mara ya tano akainuka, akapiga majembe matatu kwenye tuta, maji yakaingia. Hakuwa na furaha usoni. Aliyafungulia kidogo tu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Wakati tukirudi akanionyesha miembe. Miembe mikubwa, ya kupandwa na babu zake, imekauka ikiwa imesimama, matawi matupu kama mizizi iliyogeuzwa juu. Bahari inaingia mtoni mbali kuliko zamani, akasema, kwa sababu mto umepungua nguvu ya kuisukuma. Kuna majira ambayo anaonja kutwa na hafungui. Halafu kuna majira kama Aprili, mto unakuja wote kwa pamoja, usiku, na hauulizi nani amefungua na nani amefunga. Alichokuwa akikililia si maji mengi wala machache. Ni ule mto wa kati, uliopanda polepole ukaacha udongo, ukashuka polepole.

“Nyinyi ndio munaofungua maji huko juu?” akaniuliza.

“Si sisi, mzee. Ni watu wa mabwawa.”

“Lakini mvua ni yenu.”

“Mvua ni ya Mungu.”

Akacheka, akakohoa. “Ya Mungu. Lakini huanzia kwenu.”

Sasa nitoe la moyoni. Mwaka 2016, ada ya mtoto wangu wa kwanza ilipokaribia kunishinda, niliuza mchanga wa kijito kilicho chini ya shamba la mama. Lori la kwanza nililihesabu, la pili nikalihesabu, baada ya hapo nikahesabu pesa tu. Mtoto alisoma, sijuti hilo. Kijito kile kilikuwa kinaweka maji ndani ya mchanga hadi Agosti. Siku hizi mama akichimba kisima cha mkono mwezi wa Julai anafika kiunoni na bado ni vumbi. Hilo nililijua, nililibeba kama deni la nyumbani. Nisichokuwa nimekiwaza ni jiografia yake, mimi mwalimu wa jiografia. Vijito vya upande wetu vinaingia Ena na Thuci, na maji hayo huikuta Tana chini ya Kiambere. Chini ya ukuta wa mwisho. Kama bwawa la High Grand Falls linalozungumzwa miaka yote hii, baina ya Tharaka Nithi na Kitui, lingekuwa limejengwa, ningekuwa na mtu wa kumsingizia. Halijajengwa. Kati ya shamba la mama na kidole cha yule mzee hakuna bwawa hata moja.

Sikumwambia. Nilimwambia mjukuu wake usiku, tukiwa tumelala kwenye jamvi uani. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani amelala. “Mwalimu,” akasema, “mimi huwa natafuna muguka wako nikisahihisha mitihani. Lala.”

*

Siku ya nne tulikodi pikipiki mbili tukafuata pwani kuelekea mashariki kuona magofu ya Ungwana. Ni pori la hifadhi kule, unaambiwa uangalie nyati, na vijana wanaolinda viota vya kasa walituonyesha mikwaruzo mchangani kama ya tairi la trekta, njia aliyopita kasa usiku kwenda kutaga. Ungwana yenyewe iko vichakani: misikiti, kuta za matumbawe, makaburi, ndani ya miti iliyokumbatia mawe hadi hujui nani anamshika nani. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa miaka ya 1950, na kitabu chake cha 1966 kinaupa mji huu karne nyingi za maisha kabla ya kuachwa. Katika hadithi za Waswahili, hii ndiyo nchi ya shujaa Fumo Liyongo, na watu wa Kipini watakuonyesha kaburi lake bila ya kusita.

Nakiri magofu hayakunigusa kama nilivyotarajia. Niliyatembelea kama mtu aliyekwisha kula. Nilichokumbuka ni kitu kimoja, kipande cha kauri ya kijani ardhini, ukubwa wa ukucha, kilichotoka mbali sana na bahari hii kikaja kuvunjikia hapa. Nilikigeuza, nikakirudisha mahali pake.

Tukarudi kwa njia ya Malindi, maana nilikuwa nimemwahidi binti yangu picha za samaki wa rangi. Hifadhi ya bahari ya Malindi, pamoja na ile ya Watamu, ilitengwa 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Tukapanda boti yenye kioo chini. Kusi ilikuwa ikitutikisa, mwenzangu, mtu wa mtoni, akatapika. Mimi mtu wa nyanda kavu nikabaki mzima, jambo ambalo bado namkumbusha. Chini ya kioo matumbawe yalitokea, mengine hai, mengine yamevaa ukungu wa vumbi.

Nilimuuliza mwenye boti vumbi lile linatoka wapi, baharini ambako hakuna barabara. Akatuelekezea kaskazini. “Sabaki. Upepo ukigeuka kaskazi, tope lake lote linakuja huku.” Sabaki ndiyo Athi iliyobadilishwa jina, na Athi ni Nairobi na Ukambani. Hapo nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimekuja hadi Malindi kuukimbia udongo.

*

Nimerudi ubaoni. Mwaka huu nilipofika Garsen niliweka chaki chini, nikawauliza wanafunzi mto wa Ena unaenda wapi. Wengi walisema Kiambere. Mmoja akasema hauendi popote, hukauka. Tukatoka nje, tukateremka hadi kijitoni, tukafuata kwa macho. Somo likachukua wiki mbili na bado sijafika Nile, na mkuu wa somo ana maneno yake.

Lori la mchanga halijaingia tena chini ya shamba la mama. Kijito hakijarudi.

Siku tuliyoondoka Ozi mzee alinisindikiza hadi mtumbwini, akatoa simu yake ndogo mfukoni, ile ya vitufe, imefungwa kwa raba. Akampa mjukuu aniandikie namba yake. “Redio husema mabwawa,” akaniambia. “Haisemi mvua. Wewe nipigie mvua ikinyesha kwenu.”

Nilidhani ni maneno ya kuagana. Lakini Novemba usiku mmoja ilianza kunyesha Kiang'ombe, mvua ya kweli, mabati yanapiga kelele hata hamsikilizani. Asubuhi ilikuwa bado. Nikatoka barazani na simu.

“Mzee, imenyesha.”

“Tangu lini?”

“Tangu saa tatu za usiku.”

“Ya nguvu au ya taratibu?”

Nikatazama uani. Maji yalikuwa yakishuka mteremkoni, mekundu, yamebeba majani na kandambili ya mtu.

“Ya nguvu, mzee.”

Nikamsikia akihesabu siku kwa sauti ya chini, kwa Kipokomo, kisha akamwita mtu aliyekuwa mbali, amletee jembe.